Kable ya parabole: ijaribu kabla haijapanda balenieri



Wengi hapa mnanijua sawa mtu wa mihogo na mpunga. Nilisoma agronomia, lisansi yangu iko ndani ya farde, na kawaida ninaandika juu ya mbegu na udongo. Leo nitaongea juu ya kable, ile kamba inayotoka kwenye parabole mpaka kwenye dekoderi. Ninaandika juu kable moja ya bei ndogo ilinipa haya mbele ya watu zaidi ya hamsini kule Opala. Na juu najua wengi wenu mkirudi nyumbani, familia inawapa kazi ileile: "Wewe umesoma, tufungie tele." Unakubali, hata kama hakuna profesa aliyekufundisha.

Dola 14

Mama mdogo wangu yuko na nyumba ya video Opala. Mwisho wa 2023 aliuza magunia ya mpunga, akanitumia feza kwa simu nikiwa Kisangani, ninunue parabole, dekoderi na kable, kisha nipande navyo. Dukani waliniwekea roli mbili za kable mbele yangu. Zote mbili ziliandikwa RG6. Moja ilikuwa nzito, ingine nyepesi sana. Muuzaji akasema: "Zote ni sawa, ni bei tu." Nikachukua ile nyepesi, ikabaki dola 14. Wakati ule nilikuwa shomeri, nilikuwa na dosye ya kazi ya kuweka. Dola 14 zikaenda kwa fotokopi na toleka. Sikumwambia mama mdogo.

Tukashuka mto Kongo na balenieri mpaka Isangi, kisha tukapanda Lomami mpaka Opala. Anayejua ile safari anajua pia jambo hili: kitu kibaya ulichonunua Kisangani hakirudi dukani. Ukifika nacho Opala, ni chako.

Nikafunga kila kitu. Parabole niliiweka mbali, nyuma ya shamba, juu niliogopa mwembe ulio karibu na nyumba. Kwa hiyo kable ilikwenda kama metre 55, na juu roli haikutosha, nikaunganisha kipande kingine kwa kusokota nyuzi na kuzifunga na skochi. Picha ikaja. Kweli, kanali karibu nusu hazikuja, lakini nikasema ni mambo ya abonema. Mama mdogo akawaambia majirani: "Enjenyere wetu njo amefunga."

Kisha ikafika 28 Januari 2024, Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, Kongo na Misri. Nyumba ilijaa mpaka mlangoni. Mchana mvua ilikuwa imepiga sana, lakini usiku mbingu ilikuwa safi. Dakika 90 zikaisha 1-1, nyongeza nazo zikaisha 1-1. Penalti zilipoanza, picha ikavunjikavunjika, kisha tele ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Kijana mmoja alikuwa na redio ndogo. Kwa redio ile njo tulisikia kwamba golikipa wetu Lionel Mpasi amefunga ya mwisho, 8-7. Opala yote ilipiga kelele, na sisi tulipiga kelele mbele ya kioo cheusi. Kisha watu wakapanga mstari kudai feza zao. Mama mdogo akarudisha zote, mtu kwa mtu. Hakunitazama.

Asubuhi nilichukua kisu, nikapasua kable. Nilipokwangua uzi wa katikati, rangi ya shaba ikatoka sawa rangi ya kucha, ndani ikabaki chuma ya kijivu. Nikaleta sumaku ya baffle iliyokufa: uzi ukarukia sumaku. Kumbe nilinunua chuma iliyopakwa shaba, nyembamba, na kwenye kile kiungo cha skochi maji yalikuwa yanadondoka.

Ndani ya kable kuna nini

Kable hii wanaita koaksiali, maana yake vitu viwili viko na mhimili mmoja. Katikati kuna uzi. Juu yake kuna plastiki nyeupe, mara nyingi ya povu, inayoutenga. Juu ya plastiki kuna karatasi ya aluminiumu na wavu wa nyuzi ndogo. Kisha ganda la nje. Picha haipiti ndani ya uzi sawa maji ndani ya bomba. Wimbi linasafiri kwenye ile nafasi ya plastiki, kati ya uzi na wavu. Ndiyo maana ukiikunja vibaya ao ukiiponda kwa musumari, hata kama uzi haujakatika, umeharibu njia: nafasi haiko tena sawasawa na sehemu ya wimbi inarudi nyuma.

Hati ya uvumbuzi wa kable hii ilipatikana Uingereza mwaka 1880, na mwenyewe ni Oliver Heaviside. Aliacha masomo akiwa na miaka 16, akafanya kazi ya telegrafu, mengine akajifundisha mwenyewe. Ninaandika hii juu ya sisi wenye diploma.

Kwa tele, kable inapaswa kuwa ya ohm 75. Ile namba haibadiliki na urefu, ni tabia ya kable yenyewe, na dekoderi pamoja na kichwa cha parabole vimetengenezwa kwa 75. Kable za fonia, zile unakuta zimebaki misioni ao kwenye ofisi ya ONG, kawaida ni za ohm 50. Usizichukue eti juu ni nene.

Mpira mrefu wa kumwagilia

Mtu wa shamba anaelewa upesi hii. Ukivuta mpira mwembamba metre 50 kutoka kwenye tangi, mstari wa kwanza wa kabichi unapata maji, mstari wa mwisho unapata matone. Kable nayo inakula njiani. Na kadiri frekansi inavyopanda, inakula zaidi.

Wimbi la setilaiti zetu nyingi linashuka kwa gigahertz karibu 11 ao 12. Hakuna kable ya kawaida inayoweza kulibeba hivyo. Kwa hiyo kichwa cha parabole, kile wanaita LNB, kinalikuza, kisha kinalishusha mpaka kati ya megahertz 950 na 2150. Hapo njo kable inapokea.

Kwenye megahertz 2150, kable nzuri ya RG6 inapoteza karibu desibeli 30 kwa metre 100. RG59, ambayo ni nyembamba, inapoteza karibu 40. RG11, nene sawa kidole kidogo, karibu 20. Desibeli si hesabu ya kutoa, ni hesabu ya kugawa: desibeli 3 maana yake imebaki nusu, 10 imebaki sehemu moja ya kumi, 20 moja ya mia. Sasa hesabu mwenyewe. Metre 20 za RG6 nzuri ni desibeli 6, inabaki robo, dekoderi haina shida. Kable yangu ya metre 55, ambayo iliitwa RG6 lakini unene wake ulikuwa wa RG59, ilikula desibeli 22: haikubaki hata moja ya mia. Picha ilikuja tu juu kichwa cha parabole kinakuza sana mwanzoni. Tulikuwa tunaishi kwenye ukingo bila kujua. Maji ya mvua kwenye kiungo yakatusukuma.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni ya bure: fupisha. Mimi nilikimbia mwembe, lakini sikufikiri. Setilaiti za tele zimekaa juu ya ikweta, mbali karibu kilometre 36 000. Opala iko karibu kabisa na ikweta, kwenye longitudo ya kama digrii 24 mashariki. Kama setilaiti yako iko karibu na longitudo yetu, parabole inatazama juu sana, karibu na utosi. Mti ulio upande hauizuii, mpaka uwe unaifunika. Setilaiti ingine iko mbali upande wa magharibi, hapo parabole inalala zaidi na mti unaweza kuwa tatizo. Yetu ilikuwa ya juu. Ningeweza kuiweka hatua chache tu kutoka ukutani.

Umeme unapanda, picha inashuka

Hii njo ilinifungua macho. Kable ileile inayoleta picha chini, inapeleka umeme juu. Kichwa cha parabole hakina batri, kinakula kutoka kwa dekoderi. Dekoderi ikituma volti 13, kichwa kinatoa kundi moja la kanali. Ikituma volti 18, kinatoa kundi lingine. Njo namna dekoderi inachagua.

Shaba na chuma zinatofautiana hapa. Kwa wimbi la frekansi kubwa, umeme unatembea kwenye ngozi ya uzi tu. Kwa hiyo chuma yenye koti zuri la shaba inaweza kupitisha picha vizuri, na ziko kable za namna hiyo ambazo ni halali kwa safari fupi. Lakini ile volti 13 ao 18 ni umeme wa kawaida, unapita kwenye uzi mzima. Uzi wa chuma iliyopakwa shaba unazuia umeme huo karibu mara tano kuliko shaba tupu ya unene uleule. Ukiongeza wembamba, urefu na wavu wa nyuzi chache, volti zinaishia njiani.

Fundi wa redio wa Opala aliniazima mita. Ndani ya nyumba, dekoderi ilikuwa inatoa karibu volti 18. Kwenye kiungo, metre chache kutoka parabole, nilisoma chini ya 14. Maskini kichwa cha parabole kilikuwa kinasikia "13" wakati dekoderi inasema "18". Nusu ya kanali zilizokosekana tangu Desemba hazikuwa abonema. Ilikuwa kable.

Ukiona ugonjwa huo, kanali za kundi moja zinakuja na za kundi lingine hazikuji hata moja, usikimbilie kugeuzageuza parabole. Angalia kable na fishi kwanza.

Jaribio la kuota

Sisi wa agronomia tuna desturi moja. Hatuamini maandishi ya gunia la mbegu. Tunahesabu mbegu, tunaziweka kwenye kitambaa chenye maji, tunangoja, tunahesabu zilizoota. Kisha njo tunapanda hektari. Mimi nilijua hii tangu mwaka wa kwanza wa chuo, na dukani niliisahau. Kable pia iko na jaribio lake, na halimalizi dakika kumi:

Kwanza, omba ukate sentimetre chache mwanzoni mwa roli. Muuzaji akikataa, toka.

Pili, kwangua uzi wa katikati na kisu. Ukibaki mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukitoka mweupe ao kijivu, si shaba tupu.

Tatu, leta sumaku, hata ya baffle ya zamani. Ikivuta uzi, ndani kuna chuma. Isipovuta lakini ndani ni kweupe na unakatika ukikunjwa mara chache, ni aluminiumu iliyopakwa.

Ine, pima unene. Uzi wa RG6 ni milimetre 1 hivi, na kable nzima ni karibu milimetre 7. RG6 yenye uzi wa nusu milimetre ni jina tu.

Tano, fungua wavu. Ukiona nyuzi chache zilizotawanyika sawa nywele za mzee, acha. Wavu unapaswa kufunika, na karatasi ya aluminiumu chini yake izunguke yote.

Sita, tazama ganda. Kwa nje, chukua nyeusi ya kuvumilia jua. Nyeupe nyingi ni za ndani ya nyumba, jua letu linazipasua, kisha maji yanaingia.

Kama uko na mita, unganisha uzi na wavu upande mmoja wa roli, pima ohm upande wa pili. Roli ya metre 100 ya RG6 ya shaba inaonyesha ohm chache tu. Ukiona kumi na zaidi, umejua.

Kuifunga

Kabla ya kugusa kable yoyote, zima dekoderi na utoe umeme wake. Uzi ukigusa wavu wakati volti ziko, unaweza kuua dekoderi.

Kwenye fishi, vua ganda la nje, geuza wavu nyuma, kata plastiki vizuri, na uhakikishe hakuna unywele hata mmoja wa wavu unaogusa uzi wa katikati. Uzi utokeze kidogo tu mbele ya fishi, milimetre mbili ao tatu. Fishi ikaze vizuri, isizunguke ukiivuta.

Usisokote nyuzi na skochi sawa nilivyofanya. Kama lazima uunganishe, weka fishi mbili na kiungo chake cha katikati, na kiwe mahali pakavu. Lakini nunua urefu mmoja unaotosha, ukiongeza metre mbili.

Maji ni adui mkubwa kwetu. Fishi ya juu, ile ya kwenye kichwa cha parabole, ifunge na utepe wa mpira. Ukikosa, kata chambreeri ya kinga, ivute na kuizungusha kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, sawa vile vigae vinalaliana. Kable ikifika kwenye tundu la ukuta, iache ishuke kidogo chini ya tundu kisha ipande kuingia. Maji yatadondoka pale chini, hayataingia nyumbani. Na kama parabole inatazama juu sana, itajaa maji na majani sawa sahani. Toboa tundu dogo kwenye sehemu yake ya chini kabisa.

Usiikunje kona kali. Mviringo wa kona uwe mpana, kama mdomo wa kopo kubwa la maziwa ao zaidi. Usiipitishe ndani ya majani ya paa ambapo panya wanalala.

Tena usilaumu kable kwa kila kitu. Mvua kubwa ikipiga, picha itakatika hata ukiwa na kable bora duniani, juu matone yanakula wimbi kabla halijafika kwenye parabole. Hiyo inapita na mvua. Lakini kama mvua imekwisha na picha hairudi, maji yako kwenye kable yako.

Radi

Upande wetu wa dunia, bonde la Kongo, ni kati ya sehemu zinazopigwa sana na radi. Nguzo ya parabole iunganishe na waya mnene wa shaba mpaka kwenye chuma iliyozikwa ndani sana ya udongo wenye maji. Hiyo inapunguza hatari, haiiondoi. Wingu likianza kujikusanya, toa kable kwenye dekoderi na dekoderi kwenye umeme, mapema. Radi ikishaanza kupiga karibu, usiguse tena. Dekoderi inanunuliwa ingine.

Namna tulimaliza

Nilimwambia mama mdogo juu ya dola 14. Ilikuwa vigumu kuliko kutetea travayi yangu mbele ya jury. Alinyamaza, kisha akauliza: "Kable ya kweli inagharimu ngapi?" Nikamwambia nitalipa mimi. Rafiki mmoja Kisangani akanunua metre 25 za shaba, nikamfundisha kwa simu kukwangua na kuleta sumaku, akanitumia picha ya uzi mwekundu. Ilikuja na pikipiki. Mechi ya Guinée tulikuwa tumeikosa, na feza zake pia. Kable ilifika siku moja kabla ya nusu fainali. Nikahamisha parabole karibu na ukuta, metre 20 tu, urefu mmoja, fishi mbili. Kanali zote zikakuja.

Tarehe 7 Februari, Côte d'Ivoire walitufunga 1-0. Tuliona goli lile vizuri kabisa, bila picha kuvunjika hata mara moja. Watu walitoka na huzuni, lakini hakuna aliyedai feza zake.

Ile sumaku ya baffle mama mdogo aliiweka kwenye dirisha lake. Sasa mtu wa mtaa akishuka Kisangani kununua vitu vya tele, anapitia kwanza kwake kuiazima, na anapaswa kuirudisha. Mimi aliniambia maneno moja tu: "Enjenyere, mbegu zako unazipima. Vitu vyangu navyo upime."